Sista Anajibu: Mkunga wa Nairobi Akitaka Kazi Ng'ambo

SWALI: Sista, habari za kazi? Mimi ni muuguzi mwenye diploma ya KRCHN kutoka chuo cha KMTC, na kwa miaka 6 sasa niko leba wodi ya hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Kazi yenyewe ni ya mkataba. Mwezi huu mshahara unaingia, mwezi ujao unaambiwa subiri. Wenzangu wawili wako Uingereza na wananiambia nianze na mtihani wa Kiingereza wa IELTS, mengine yatajipanga yenyewe. Sacco imekubali kunikopesha. Nataka kwenda kama mkunga, si kitu kingine, maana kuzalisha ndiyo kazi ninayoipenda. Nianzie wapi, na niwe na pesa ngapi?
Mkunga wa Kayole

JIBU: Dada wa Kayole, weka hiyo fomu ya Sacco kando kwanza. Wenzako wanakutakia mema, lakini wamekuanzishia safari katikati ya njia. IELTS haiji kwanza. Kinachokuja kwanza kiko hapa hapa mjini, kwenye Baraza la Wauguzi la Kenya, nacho ni hiki: rejista ya Baraza inasema wewe ni nani?

Hapa kwetu swali hilo halimnyimi mtu usingizi. Aliyesomea KRCHN alifundishwa uuguzi, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja kwa miaka 3 na nusu, akafanya mtihani wa Baraza, akapata leseni. Leo matroni anakupanga leba wodi, mwezi ujao wodi ya watoto, mwaka ujao kliniki ya chanjo, na hakuna anayekuuliza cheti kingine. Uingereza wamegawanya. Baraza lao, NMC, lina rejista moja yenye sehemu mbalimbali: wauguzi upande wao, wakunga upande wao. Ukisajiliwa upande wa wauguzi, hata kama umezalisha nusu ya Eastlands, kule huzalishi mtu. Sheria yao ya mwaka 2001 inasema anayemhudumia mama anapojifungua ni mkunga aliyesajiliwa au daktari, pamoja na wanafunzi walio mafunzoni. Mtu mwingine akifanya hivyo bila dharura ametenda kosa la jinai. Hata kujiita mkunga tu bila kuwa kwenye rejista ni kosa.

Nilipokuwa nikifanya kazi kule nilikutana na Wakenya, wakunga wa kutegemewa kabisa, waliokuwa wodi za wazee na wodi za upasuaji. Waliingilia mlango wa uuguzi wakidhani watavuka baadaye. Kuvuka kunawezekana, ila ni kupitia chuo: kozi fupi ya ukunga kwa muuguzi aliyesajiliwa huchukua takriban miaka 2, na nafasi zake zinagombaniwa na Waingereza wenyewe. Wengine waliridhika na uuguzi na wanaendelea vizuri, sina ubaya nao. Lakini wewe umeniambia unapenda kuzalisha. Basi amua mlango kabla hujatoa hata shilingi moja.

Kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako ya Baraza, kisha ufike ofisini kwao ikibidi, uulize kwa maneno haya haya: mkithibitisha usajili wangu kwa baraza la nje, mtaandika mimi ni muuguzi, mkunga, au vyote viwili? Uthibitisho huo huwezi kuubeba wewe kwenye mkoba. Baraza letu huutuma moja kwa moja kwa baraza la kule. Ndiyo maana ni muhimu ujue mapema umeandikwa nini. Na leseni yako ya kila mwaka iwe hai. Mtu ambaye leseni imelala hana cha kuthibitishiwa.

Halafu kuna jambo linalowachelewesha Wakenya kuliko mtihani wowote, nalo ni majina. Cheti cha KCSE kina majina matatu, diploma ina mawili, pasipoti imeanza na la baba, na baada ya harusi kitambulisho kikaongezwa la bwana. Kwetu tunaelewana tu. Mtu aliyekaa ofisini London anaona watu wanne. Panga vyeti vyote mezani usiku mmoja, uone kama wewe ni mtu mmoja. Kama si mtu mmoja, tafuta wakili akuandikie hati ya kiapo, au ubadilishe jina rasmi, kabla ya kutuma chochote.

Tafuta pia kile kitabu chako cha mazoezi cha chuoni, kile mlichokuwa mkitiliwa saini kila mama akijifungua. Najua wengi mmekitupa. Kama bado kipo, kihifadhi kama hati ya shamba. Nchi za Ulaya hupima mafunzo ya ukunga kwa hesabu: mwanafunzi awe amezalisha yeye mwenyewe akina mama 40, awe amepima wajawazito mara 100, na kadhalika. Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya wanafunzi wao, lakini Ireland au Ujerumani wakitaka kulinganisha mafunzo yako na yao, hicho ndicho wanachokiangalia. Mwanafunzi wa Nairobi aliyepita hospitali ya uzazi ya Pumwani hafikirii kabisa kuhusu 40, anazipata haraka. Shida ni kuwa na karatasi inayosema hivyo.

Sasa Kiingereza. Mtakumbuka mwaka 2021 Wizara ya Afya iliposema kwamba kati ya wauguzi wetu 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Nchi nzima ilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu najua mtihani ule unapima nini. NMC wanataka IELTS ya Academic yenye wastani wa 7: usomaji 7, usikilizaji 7, uzungumzaji 7, uandishi 6.5. Mtu wa zamu za usiku, ambaye tangu amalize chuo hajaandika insha, anaambiwa aeleze mchoro wa grafu ya mauzo ya mchele kwa dakika 20. Si kwamba hajui Kiingereza. Hajazoea mchezo huo.

Ndiyo maana wakunga wengi nawaambia wafikirie OET, ambao ni mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya. Hakuna OET ya ukunga, utafanya ile ya uuguzi, na katika uandishi utaandika barua ya kumhamisha mgonjwa au kumkabidhi kwa mwenzako. Hiyo si kazi unayoifanya kila siku? Alama wanazotaka ni B kwenye usomaji, usikilizaji na uzungumzaji, na C+ kwenye uandishi. Ada yake ni kubwa kuliko ya IELTS, sikufichi. Lakini kulipa mara moja ni nafuu kuliko kurudia mara tatu.

Na sababu kubwa ya kukwambia usianze na mtihani huo ni hii: matokeo hayaishi milele. Baada ya miaka 2 yameisha nguvu. Ukiyapata leo halafu ukakaa mwaka na nusu ukigombana na majina kwenye vyeti, utarudi kulipa mtihani tena.

Baada ya hapo kuna mtihani wa kompyuta wa NMC, ambao unaweza kuufanya hapa Nairobi. Una sehemu mbili: hesabu za dawa, maswali 15 kwa dakika 30, na maswali 100 ya ukunga wenyewe kwa saa 2 na nusu. Hesabu zisikutishe. Anayehesabu matone ya oksitosini saa tisa usiku taa zikiwa zimepotea atazimudu. Penye kazi ni maswali ya ukunga, kwa sababu yanaulizwa kwa taratibu zao. Soma miongozo yao, usitegemee ulivyozoea.

Mtihani wa mwisho ni OSCE, ule wa vitendo, na huo lazima ufanyiwe Uingereza. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wakunga wazuri wanapoangukia.

Ni vituo 10. Unaingia chumba kimoja hadi kingine, saa inakimbia. Pengine utamkuta mwigizaji anayejifanya mjamzito aliyekuja kliniki, pengine mwanasesere wa plastiki, pengine karatasi tu ya kujaza mpango wa huduma. Mikono ya Mkenya haina tatizo. Tatizo ni mdomo. Sisi tumefunzwa na wodi zilizojaa, akina mama wawili kitanda kimoja na mwingine anakuja kwa kiti cha magurudumu, kufanya mambo haraka na kimya. Tunapima presha bila kusema, tunagusa tumbo bila kuuliza. Mama akiuliza swali tunamwambia "tulia, mama". Kule kila kitu kinasemwa. Unajitambulisha jina na cheo. Unamuuliza anapenda kuitwa nani. Unahakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa dhidi ya ukanda wa mkononi. Unauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Unaeleza unachotaka kufanya na kwa nini, kisha unangoja ruhusa. Unanawa mikono mbele ya macho ya mtahini. Usipolisema jambo, mtahini hakuliona, na alama haipo.

Chukua mfano wa bega la mtoto kukwama baada ya kichwa kutoka. Wewe wa Kayole umeshakutana nalo, pengine ukiwa peke yako na mwanafunzi. Mikono yako inajua. Kwenye OSCE utamwambia mama, kwa sauti ya utulivu, kinachoendelea. Utapaza sauti kuita msaada na kutaja ni nani unamtaka: mkunga mwandamizi, daktari wa uzazi, daktari wa watoto. Utataja saa kichwa kilipotoka. Utasema asisukume sasa. Utawaelekeza wasaidizi wakunje miguu yake hadi mapaja yaguse tumbo, na mmoja akandamize juu ya mfupa wa kinena, si juu ya tumbo. Na baadaye utaandika nani alifanya nini saa ngapi. Fanyeni mazoezi mkiwa wawili sebuleni, mto ukiwa ndio mama, mkisema kwa sauti hadi watoto wa jirani wawashangae.

Na usidhani ni maigizo ya mtihani tu. Ukiingia leba wodi yao, mama anaweza kukataa kupimwa njia na ukaheshimu, ukaandika. Anaweza kutaka kuzalia ndani ya maji, au nyumbani kwake, na mkunga akamfuata huko. Mimba isiyo na matatizo ni ya mkunga toka mwanzo hadi mwisho. Daktari haitwi kama hakuna sababu. Hilo lilinifurahisha kuliko mshahara. Lililonichosha ni maandishi. Unaweza kumaliza zamu mtoto akiwa ameshanyonya na kulala, na wewe bado unaandika.

Pesa sasa. Kwa ada za NMC za mwaka 2024: kutathmini maombi yako pauni 140, mtihani wa kompyuta pauni 83, OSCE pauni 794, kuingizwa kwenye rejista pauni 153. Jumla pauni 1,170, karibu shilingi laki 2 ukihesabu pauni kwa shilingi 170. Hapo hujaweka mtihani wa Kiingereza, pasipoti, cheti cha tabia njema cha polisi (DCI), viza wala nauli. Usitishike na jumla hiyo, maana huilipi siku moja, na mwajiri mzuri hukulipia OSCE au hukurudishia. Uliza hilo kabla ya kutia saini. Ukianguka OSCE una nafasi 3 katika ombi moja. Baada ya hapo unangoja miezi 6 uanze ombi jipya.

Ndiyo maana nakuomba usichukue mkopo wote kwa mkupuo. Thibitisha rejista na majina kwa pesa za lokamu, zile zamu za ziada. Lipia Kiingereza kwa akiba. Kopa ukiwa na barua ya mwajiri mkononi.

Kwa sababu ukweli mwingine, na huu wenzako hawajakwambia, ni kwamba mlango wa Uingereza leo si ule wa 2021 na 2022. Mwaka 2021 nchi zetu mbili zilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya, na tangu Novemba mwaka huo Kenya iko kwenye orodha yao ya rangi ya kaharabu, maana yake hospitali na maajenti hawaruhusiwi kuja kuvuna watu hapa ovyo nje ya mkataba huo. Kisha tangu 2024 hospitali nyingi za kule zimebana matumizi na kupunguza kuajiri kutoka nje. Wakunga vijana waliohitimu huko huko wamekuwa wakilalamika kwamba nafasi hakuna. Haimaanishi huwezi kupata. Inamaanisha ujiandae huku ukiomba kazi, usiandae kwanza kwa madeni ndipo uangalie kama kuna kazi. Angalia Ireland pia, ingawa nako rejista ya wakunga ni ya peke yake.

Mshahara? Katika mwaka wa fedha 2024/25 mkunga mpya kwenye hospitali za umma England alianzia bendi ya 5, yaani daraja la mshahara la pauni 29,970 kwa mwaka, na baada ya kipindi cha uangalizi akapanda bendi ya 6 inayoanzia pauni 37,338. Kabla ya kufaulu OSCE wengi hulipwa bendi ya chini ya hapo. Usizidishe kwa 170 halafu uanze kuulizia ploti Joska. Kuna kodi ya serikali, kodi ya nyumba, stima ya kipindi cha baridi, na basi. Kinachobaki kinatosha, lakini si kile unachokiota sasa.

SWALI: Sista, kuna ajenti mjini ananidai laki 3 na nusu. Anasema kwanza niende Uingereza kama mhudumu wa wazee, ni rahisi, halafu nikiwa kule nifanye mitihani ya ukunga polepole. Nusu ya pesa anataka wiki hii kwa M-Pesa kwa sababu nafasi zinaisha. Nimpe?
Binti wa Rongai

JIBU: Usimpe hata mia.

Njia hiyo ilikuwepo, na kuna waliofanikiwa kwayo. Ilifungwa. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza haitoi viza mpya kwa wahudumu wa wazee wanaoajiriwa kutoka nje. Kama ajenti hajui hilo, hajui kazi yake. Kama anajua, ni mwizi.

La pili, sheria ya Uingereza inakataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Anayelipa ni mwajiri. Mwajiri naye haruhusiwi kukubebesha wewe gharama ya cheti cha udhamini wa viza. Kwa hiyo mtu akikuuzia "udhamini" hapa Nairobi, anakuuzia kitu ambacho hakiuzwi.

La tatu, maajenti halali wa kazi za nje wamesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na majina yao yako kwenye mtandao wa mamlaka hiyo. Tafuta jina la kampuni, si jina la mtu. Na pesa ya kampuni hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Hiyo ya "nafasi zinaisha" tumeisikia kwa wauza ploti. Hospitali inayotaka mkunga inamfanyia usaili, inaangalia rejista, inamwandikia barua. Haina haraka ya Ijumaa.

Hata ukipata mwajiri wa kweli, soma mkataba hadi ukurasa wa mwisho, hasa mahali panaposema ukiondoka kabla ya muda fulani utarudisha gharama. Kipengele hicho kipo kwenye mikataba mingi halali. Angalia ni kiasi gani, na kama kinapungua kadiri unavyoendelea kukaa. Kama hakipungui, uliza kwa nini.

SWALI: Sista, mimi ni mwanamume, mkunga mwenye digrii ya uuguzi. Hapa Githurai akina mama wamenizoea, wengine wananiita daktari. Naambiwa Saudia wanalipa vizuri bila kodi. Nitapata kazi ya ukunga?
Kaka wa Githurai 45

JIBU: Kaka, kwa ukunga, Saudia si kwako. Wodi za uzazi huko huhudumiwa na wanawake, na nafasi za ukunga zinatangazwa kwa wanawake. Ukienda utaenda kama muuguzi: chumba cha dharura, wagonjwa mahututi, usafishaji wa damu. Kwa uuguzi digrii yako ina faida, kwa sababu Tume ya Saudia ya Taaluma za Afya humweka mwenye digrii daraja la mtaalamu na mwenye diploma daraja la fundi, na mshahara hufuata daraja. Vyeti vyako vitakaguliwa na kampuni ya DataFlow, ambao huuliza chuo na mwajiri wako moja kwa moja, kisha utafanya mtihani wa Prometric. Mwambie mkubwa wako wa kazi mapema kwamba ataandikiwa. Watu wamekwama kwa sababu ofisi ya wafanyakazi ya hospitali haikujibu barua pepe.

Kama unataka kubaki mkunga, Uingereza inakubali wanaume. Sheria yao iliwazuia kwa muda mrefu, ikafunguliwa kikamilifu mwaka 1983, na hata sasa hawafiki asilimia 1 ya wakunga wote. Nilifanya kazi na mmoja. Kuna akina mama waliomkataa, akatoka bila kinyongo na mwingine akaingia, na kuna waliomwomba kwa jina walipopata mimba ya pili. Wewe wa Githurai unaijua hali hiyo tayari.

SWALI: Sista, dada yangu yuko Texas anasema nije huko, wakunga wanalipwa dola nyingi. Nina diploma. Ni kweli?
Wa Umoja 2

JIBU: Ni kweli wanalipwa vizuri, lakini aliyekwambia hakumaliza hadithi. Marekani mkunga anayefanya kazi hospitalini kwa kawaida ni muuguzi aliyesajiliwa ambaye amekwenda juu akasoma shahada ya uzamili ya ukunga kwenye programu iliyoidhinishwa huko, halafu akafanya mtihani wa bodi ya wakunga. Mafunzo yako ya Kenya hayakupeleki moja kwa moja kwenye mtihani huo. Yanakupeleka kwenye NCLEX, mtihani wa uuguzi, pamoja na ukaguzi wa vyeti na Kiingereza unaohitajika kwa viza.

Ukifaulu unaweza kuajiriwa leba wodi kama muuguzi. Utakaa na mama zamu nzima ya saa 12, utafuatilia mapigo ya mtoto, utamtia moyo, utaendesha dripu. Mtoto akianza kutokeza unamwita daktari au mkunga aje apokee. Wapo wanaoipenda kazi hiyo. Mimi ningejifunga mikono nyuma ili isiruke. Kama kwako pesa ndiyo kwanza na kupokea mtoto kunaweza kungoja miaka ya shule, nenda. Kila jimbo lina bodi yake ya uuguzi, kwa hiyo muulize dada yako mambo ya Texas, usichukue ya rafiki wa New York.

SWALI: Mke wangu ni mkunga na amepata ofa ya hospitali England. Tuna watoto wawili, wa miaka 7 na 4. Wengine wanasema siku hizi familia haziruhusiwi. Tujiandae vipi?
Baba watoto, Syokimau

JIBU: Hongera kwenu. Waliokwambia wamechanganya. Waliozuiwa kuja na familia tangu Machi 2024 ni wahudumu wa wazee. Mkunga aliyesajiliwa au aliye njiani kusajiliwa, mwenye viza ya wahudumu wa afya, bado anaweza kuja na mume na watoto, na wewe utaruhusiwa kufanya kazi. Viza hiyo pia inawasamehe ile ada ya afya ambayo wageni wengine hulipa kila mwaka, nayo kwa familia ya watu wanne si pesa ndogo.

Nyote mtapimwa kifua kikuu kabla ya kuomba viza. Hapa Nairobi hufanywa na IOM, shirika la uhamiaji. Cheti chake kinadumu miezi 6, kwa hiyo msikimbilie kabla ya karatasi za hospitali kufika. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe na majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti, na cheti cha ndoa kiwe cha serikali. Picha za harusi ya kimila hazitatosha. Kama mlioana kimila, sajilini ndoa sasa.

Ushauri wangu ni mama atangulie. Miezi ya kwanza ni ya OSCE, naye atahitaji kulala na kusoma. Huyo wa miaka 7 ataingia shule ya serikali bila ada, lakini kulipa mtu wa kumwangalia wa miaka 4 kabla na baada ya shule kutakula sehemu nzuri ya mshahara. Panga zamu zenu mapema, nani anapika, nani anampeleka nani, kwa maana kule hakuna dada wa kazi wa kukaa naye nyumbani.

Na kabla hajaondoka, afanye jambo moja ambalo halimo kwenye orodha ya hospitali: ajifunze kuendesha gari. Wakunga wengi wa kule huzunguka nyumba kwa nyumba kuwaona wazazi na watoto wachanga, na matangazo mengi ya kazi za jamii hutaka mtu mwenye leseni. Ya Kenya itamsaidia kwa miezi 12 ya kwanza tu, kisha atafanya mtihani wao, na kusubiri tarehe ya mtihani huo kunaweza kuchukua miezi. Aombe leseni ya mwanafunzi mara tu anapofika.